Waliolamba Ndoo Namba 212

Ijumaa, saa tano na robo asubuhi, Sajenti Sakina Mabruki alikuwa amebakiwa na saa tatu kasoro robo. Hapo hujatoa za bodaboda.

Bosi wake alishasema. Saa nane kamili faili la Mama Apolinaria Nizigiyimana linakwenda kwa mwendesha mashtaka, kosa mauaji. Na mauaji hayana dhamana. Ukishaingia humo unakaa. Kuna watu wamekaa miaka minne, mitano, kesi inatajwa tu, inaahirishwa tu, watoto wanakua huko nje bila wewe.

Kisa chenyewe kifupi. Jumapili iliyopita kule Ulyankulu kulikuwa na sherehe ya kipaimara. Watu wakanywa togwa iliyotiwa asali. Tisa wakalazwa. Wa kumi, mzee Tobia wa Barabara ya 13, akafa kabla hawajapata gari. Maabara wakakuta kwenye asali dawa ya kupulizia tumbaku. Ndoo ina lebo, 212. Sistimu ya chama cha warina asali ikaulizwa: 212 ya nani? Ikajibu: ya Apolinaria. Mjane, mrina asali, anatoka Barabara ya 13 hiyo hiyo, na mwaka mzima alikuwa hasemezani na Tobia kwa ajili ya mti mmoja wa mninga huko porini Usinge. Kila mmoja alidai mzinga wake ndio ulitangulia kupanda.

"Kesi imejimaliza yenyewe," bosi alisema.

Hicho ndicho kilichokuwa kinamkera Sakina. Yeye kazini miaka tisa, hajaona kesi inayojimaliza yenyewe.

Aliteremka kwenye bodaboda mbele ya ghala la chama, nyuma ya reli. Kimya. Vibarua wote walikuwa stesheni wanapakia behewa. Aliyekuwepo ni mtunza ghala, Aleksi, mwembamba, shati limechomekwa vizuri, tableti ya kazi kwapani.

"Karibu, afande. Poleni na majukumu."

"Asante. Faili la Mama Apolinaria linaondoka saa nane. Ndoo 212 uliipokea wewe?"

"Mimi mwenyewe. Kwa mikono hii."

"Ilikuwaje?"

"Ya bluu, mshikio wa waya, imejaa. Nikapima, kilo ishirini na nne. Nikaiweka rafu ya tatu. Watu wa kigango cha Ulyankulu walipokuja kuchukua ya sherehe, nikawapa hiyo."

"Kwa nini hiyo?"

"Ilikuwa mbele."

"Mama Apolinaria ulishawahi kumwona?"

"Mara moja. Ana hasira yule mama, afande. Muulize mtu yeyote."

Sakina aliandika. Ndoo ya kielelezo kituoni ni ya bluu kweli, na mshikio ni waya kweli. Ila Aleksi alijibu harakaharaka, kama mwanafunzi aliyepewa mtihani jana yake. Akaweka alama pembeni ya neno "bluu", akapita.

"Adinani wa kompyuta yuko wapi?"

"Kontena."

Ofisi ya kompyuta ya chama ni kontena la chuma lililokatwa mlango mmoja. Dirisha hakuna. Ukiingia humo simu inakufa, haishiki mtandao hata wa kubahatisha. Feni inazungusha joto, na nyuki wawili watatu wameshapenya kwenye kitundu cha waya wanaizunguka soda ya Adinani. Adinani ndiye aliyeitengeneza sistimu yote, peke yake, kijana wa Ng'ambo hapo hapo Tabora, miaka thelathini na kitu, macho mekundu.

"Afande, ripoti si niliwapa Jumanne?"

"Ulinipa karatasi yenye mistari sita. Mtu anafungwa kwa mistari sita?"

"Ndiyo mliyoomba. Namba, mrina, kijiji, kilo, tarehe, rafu."

"Nataka kuona inakotoka. Nieleze kama unamweleza mama yako."

Adinani akacheka kidogo. "Mama yangu ananiitaga fundi redio." Akavuta kiti. "Haya. Databesi nyingi ni kama rejista ya shule. Mistari imechorwa kabla, kila mtu anajaza mule mule. Ukiacha kisanduku wazi inakukatalia. Hii yangu ni ya aina nyingine, wanaiita NoSQL, databesi ya nyaraka. Hii ni kama kabati la mafaili. Kila ndoo ina faili lake, na ndani ya faili unaweka chochote."

"Chochote?"

"Chochote. Na hiyo ndiyo sababu niliichagua. Usinge kule porini mtandao hamna. Karani anaandika kwenye tableti, faili linakaa humo, akifika Kaliua mjini linajituma. Halafu asali hazifanani, mizinga haifanani. Mwaka jana wanunuzi walitaka tupime na unyevu. Kwenye rejista ningevunja nyumba nijenge upya. Huku niliongeza neno moja, nikaenda kulala."

"Na ubaya wake?"

Adinani aliwapungia nyuki mkono watoke kwenye soda.

"Hakuna askari mlangoni. Rejista inamlazimisha mtu. Hii haimlazimishi. Mtu asipoandika kitu, haiulizi. Halafu jina la mrina limenakiliwa ndani ya kila ndoo. Namba ikishasema Apolinaria, itaendelea kusema Apolinaria hata kama ndani umeweka mafuta ya taa."

Sakina akaacha kuandika.

"Rudia."

"Nasema sistimu inajua lebo. Asali yenyewe haiijui."

"Nifungulie hilo faili. Si ripoti. Faili lenyewe."

"Halisomeki vizuri, afande, ni maandishi matupu—"

"Fungua."

Alifungua. Mistari ikashuka kwenye skrini. Namba 212. Mrina Apolinaria. Kilo ishirini na nne. Karani wa kupokea Usinge, Eustace. Mpaka hapo, ukitoa jina la karani, ni yale yale. Halafu chini yake kulikuwa na mistari ambayo haikuwepo kwenye karatasi ya Sakina.

"Hii nini?"

Adinani akasogeza uso. "Ah! Huyu Mzee Eustace huyu. Nilimwambia ajaze sita tu. Akasema yeye amepokea asali tangu hatujazaliwa, hatafundishwa. Anajiongezea vyake. Ripoti inachota vile sita, hivi inavipita. Hata fomu ya ghala haivionyeshi. Tableti yake tu ndiyo inaonyesha kila kitu, alinisumbua mpaka nikamwekea."

"Soma."

"Chombo: ndoo nyeupe mpya, mshikio wa waya ulikatika, nimefunga kamba ya katani mwenyewe." Akateremka mstari mmoja. "Waliolamba: Apolinaria, mimi, Tobia."

Soda ilikuwa imeshaingia nyuki. Hakuna aliyejali.

Sakina alijua kulamba, na mtu wa Tabora asiyejua ni nani? Asali ikifika kwa karani, kabla mfuniko haujafungwa, mwenye asali analamba kwanza, karani analamba, na aliyepo karibu anapewa kijiko. Hulambi asali ya mtu mliyenuniana. Ukilamba, mmeshamalizana. Halafu kijiko kinapanguswa, ndoo inafungwa.

"Tarehe?"

"Wiki tatu kabla ya sherehe."

"Watu watatu wamelamba, wiki tatu wanatembea wazima. Mmoja wao mtuhumiwa. Mwingine marehemu, ambaye tunaambiwa alikuwa adui." Alisimama. "Asali ilitoka Usinge nzima, Adinani. Na ilitoka kwenye ndoo nyeupe!"

"Nyeupe," Adinani akarudia, kwa sauti. "Sasa ya bluu imetoka—"

Mlango ukafungwa.

Haukufungwa na upepo. Ulivutwa, chuma kikagonga chuma, komeo likaburuzwa, kufuli ikalia *tak*. Sekunde chache baadaye feni ikasimama na taa ikazima. Gizani kikabaki kitaa chekundu sakafuni, kinalia *pii*.

Sakina alipiga mlango kwa kiganja. Ulikuwa wa moto.

"Aleksi! Fungua!"

Sauti ikajibu, karibu sana, kama kaegemea. "Afande, samahani. Nitafungua. Baada ya saa nane nitafungua."

"Unamfungia polisi, unajua hilo?"

"Najua."

"Basi fungua tuongee."

"Tukiongea naingia mimi." Alikuwa anahema. "Mimi si muuaji, afande. Ndoo ilipasuka kwenye gari. Asali inaanza kumwagika! Nifanye nini? Nikachukua ile ya bluu. Niliiosha mara saba. Maji ya moto, sabuni ya unga, mchanga. Nikainusa, hainuki."

"Ilikuwa na nini?"

Changarawe ikalia chini ya viatu vyake.

"Aleksi, ilikuwa na nini?"

"Dawa ya shemeji. Ya kupulizia tumbaku."

"Na lebo ukaihamisha."

"Lebo ni ya asali, si ya ndoo. Ndivyo tunavyofanya. Sistimu haikuuliza!" Sauti ikapanda, ikashuka. "Nina watoto, afande."

"Na Mama Apolinaria anao."

Nyayo zikaondoka.

Adinani alikuwa amekaa sakafuni, kichwa mikononi. "Haikuuliza," alisema. "Ni kweli haikuuliza. Ningeweka kisanduku cha chombo, kwamba huwezi kusevu bila kukijaza, ingemuuliza."

"Na ungeweka visanduku tu, Mzee Eustace angeandika wapi walamba? Nyanyuka. Ukuta huu unatoboka?"

"Milimita mbili za chuma."

"Simu?"

"Nimeshajaribu."

"Hicho kinacholia?"

"Betri ya akiba. Inashika sava na ruta. Saa moja, saa moja na nusu kama tukizima skrini."

"Ruta! Si tutume ujumbe?"

"Intaneti iko kule ghalani, kazima umeme wote. Hii ya hapa inarusha uwanjani tu, antena iko juu ya paa. Tableti ikiingia getini, inachota mafaili mapya."

Saa sita na nusu. Jasho la Sakina lilikuwa linadondokea kwenye daftari. Alijaribu bawaba za mlango kwa bisibisi ya Adinani, zimechomelewa. Alijaribu kitundu cha waya, hakipitishi vidole viwili, na nyuki ndio waliokuwa na haki nacho. Akapiga kelele mpaka koo likakauka. Treni ya mizigo ilipita, ikazimeza kelele zote, ikaenda zake. Akafikiria selo ya wanawake kituoni, ile yenye kidirisha juu, na Mama Apolinaria amekaa kwenye pembe moja tangu Jumanne. Asubuhi alimuuliza, mama unahitaji nini? Akasema, hewa.

"Nani anaingia uwanjani leo?" Sakina aliuliza.

"Mzee Eustace. Fuso ya Usinge. Inafika saa saba, saa saba na nusu. Ndoo kumi na nane."

"Mafaili ya hizo ndoo tayari yamo humu?"

"Aliyatuma jana akiwa Kaliua."

"Akifika anafanya nini, kitu cha kwanza?"

"Anafungua faili moja moja, anasoma yote kabla hajashusha. Anachosha watu."

"Tukiandika humo, anaona?"

"Anaona. Lakini afande, na Aleksi anaona! Kinachoandikwa hapa kinakwenda kwa kila tableti. Sistimu haichagui."

"Ulisema fomu ya ghala haionyeshi vitu vya Mzee Eustace."

Adinani akatambaa gizani kuelekea kwenye kibodi.

"Sehemu ya waliolamba," alisema. "Aleksi hajawahi kuiona. Ndiyo maana hakuifuta. Hajui kama ipo."

"Andika. Zote kumi na nane. Sajenti Sakina na Adinani tumefungiwa kontena. Aleksi ana ufunguo. Asali ya 212 alihamisha yeye. Usimshtue."

Alipiga vitufe skrini ikiwa imefifishwa kabisa. Kumi na nane. *Pii. Pii.* Alipomaliza akazima skrini, wakakaa kwenye giza.

"Imefika?"

"Kwa Mzee Eustace bado. Mpaka tableti yake iingie getini."

"Ikiingia utajua?"

"Hapana. Ndivyo ilivyo. Kitafika tu. Lini, hakikuambii."

"Aisee, Adinani, umetengeneza kitu cha ajabu."

"Ni kizuri ukiwa nje, afande."

Saa saba. Saa saba na kumi. Kuvuta pumzi kulikuwa kama kunywa uji wa moto. Saa saba na robo kile kitaa kikaanza kulia mfululizo bila kupumzika, na papo hapo, mbali, wakasikia Fuso inabadilisha gia. Inakuja. Ikapunguza. Geti likasukumwa.

Kitaa kikazima. Mlio ukakatika.

"Imekufa," Adinani alinong'ona.

"Iliwahi?"

"Sijui."

Nje injini ilizimwa. Sauti ya mzee, ya kukwaruza. Sauti ya Aleksi, nyepesi mno.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona pamepoa? Adinani yuko wapi?"

"Ametoka kidogo, kaenda mjini. Umeme nao umekatika."

"Ohoo."

Ikafuata kimya. Kirefu. Sakina aliinua mkono apige mlango, Adinani akaushika. *Anasoma*, alimnong'oneza sikioni. Hata kama anasoma, Sakina alifikiri, anasoma ya kwetu au ya jana?

Akashusha mkono. Kama ujumbe haujafika watapiga kelele, na watu wa gari watasikia. Kama umefika, kelele itamkimbiza Aleksi na tableti yake, na ufunguo, na yale aliyosema mlangoni ambayo hayana shahidi mwingine nje. Akahesabu mpaka ishirini. Akahesabu tena.

"Lete kijiko," Mzee Eustace alisema.

"Kijiko cha nini, mzee?"

"Tulambe kabla ya kushusha."

"Hapa ghalani hatulambi, mzee wangu. Mnalamba kule kule."

"Leo tunalamba hapa. Njooni, jamani! Wote, shukeni kwenye gari. Zungukeni hapa. Wewe simama upande wa geti. Haya. Aleksi, njoo katikati, wewe ndiye mwenyeji. Mkono huu shika kijiko." Sauti ya mzee haikupanda hata kidogo. "Mkono huu nipe ufunguo wa kontena."

Hakuna aliyekimbia. Sakina alisikia kitu kidogo cha chuma kinaanguka kwenye changarawe. Hakujua ni kijiko au ufunguo, mpaka kufuli ilipolia.

Mwanga ulimpiga usoni. Mzee Eustace alikuwa mfupi kuliko alivyodhani, kofia ya pama, tableti imening'inia shingoni kwa kamba ya katani.

"Shikamoo mzee," Sakina alisema.

"Marahaba. Mmekonda humo."

Aleksi alikuwa amekaa chini katikati ya wapakizi saba, kijiko bado mkononi, analia bila sauti. Sakina alimfunga pingu, akamwambia haki zake, kisha akapiga simu. Saa saba na dakika arobaini na moja.

"Uko wapi wewe?" bosi alifoka. "Faili limeshatoka. Koplo kalibeba, yuko kwenye pikipiki."

"Mpigie arudi, afande. Nina aliyehamisha asali, na nina karani aliyeipokea."

"Una ushahidi au una maneno?"

"Kuna maandishi ya siku yenyewe. Yapo kwenye tableti ya karani na kwenye sava."

"Maandishi mtu yeyote anaweza kuandika. Si ndiyo hiyo sistimu yenu inayokubali kila kitu?"

Hapo bosi alisema kweli. Saa moja iliyopita aliandikisha humo jina lake na la Adinani kama walamba wa asali wasiyoionja, na databesi ikapokea bila kukohoa.

"Nipe mpaka saa nane," alisema. "Kuna mtu mmoja hajawahi kuona faili hilo. Namuuliza yeye, mbele yako."

Saa nane kasoro dakika tatu walikuwa mbele ya selo ya wanawake, Sakina, bosi, koplo aliyerudishwa njiani na faili lake, na askari wa zamu na funguo zake. Mama Apolinaria alisimama akashika nondo, akangoja maswali. Alishazoea kuulizwa yeye.

"Mama," Sakina alisema, "siku ile Usinge. Asali ilipokwisha kupimwa, kabla ya kufunga mfuniko, mlifanya nini? Taratibu, usiruke kitu."

"Tulilamba."

"Nani na nani?"

"Mimi. Mzee Eustace. Halafu Tobia alikuwa amekuja na yake, amesimama pembeni, hanitazami." Alitazama sakafu. "Nikampa kijiko. Akakaa nacho weee, nikajua atakitupa. Akalamba. Akasema, mama, ule mti uchukue tu wewe, mimi magoti yameisha, sipandi tena."

Bosi alikohoa. "Ndoo ilikuwa rangi gani?"

"Nyeupe. Waya ulikatika, mzee akafunga katani." Aliinua macho. "Ndoo yangu mpya ile. Mmeipeleka wapi?"

Bosi aligeuka akamnyooshea askari wa zamu mkono, kiganja juu, akasubiri funguo.